Dira Karibu na Geti la Chuma

Msiniulize maswali. Naeleza nilivyoambiwa na Wanjohi, rafiki yangu wa Kapsoya anayepima mashamba. Juzi jioni alikuwa Moiben kwa Mama Jepkosgei, kumtafutia mpaka anaogombania na jirani. Giza likaingia, stima ikapotea. Mshale wa dira aliyoshika ukageuka polepole, ukaacha kaskazini, ukaelekea kusini. Akadhani unavutwa na geti la chuma la boma, akasogea mbali nalo. Haukurudi.

"Mama, mbona ng'ombe wako kimya hivi?"

"Leo siku ya tatu," Mama akamjibu. "Njoo uone."

Wanjohi akamulika zizini kwa simu. Ng'ombe wote walitazama kusini, wakipumua kwa pamoja. Kando yao, watoto wanne wa mbwa, macho hayajafunguka, walikuwa wamegeuza vichwa kule kule.