Sekunde Tisa za Kitali

Kitu cha kwanza alichokigundua Zawena ni kwamba Kitali alikuwa anamngoja.

Wachezaji wengine walipofika ghalani, roboti yule aliwasha ubao wa maagizo na maandishi yakapita mbio kama abiria wanaowahi treni. Kwa Zawena, ubao ulitulia sekunde tisa nzima. Herufi zilinenepa, na kidole cha chuma kikafuata neno baada ya neno, huku Kitali akisoma pamoja naye taratibu.

Ghala lenyewe halikuwepo popote. Lilikuwa ndani ya Mji wa Mwezini, mchezo unaochezwa kwa kuvaa kofia-ono. Ukiivaa, umekaa kitini Dodoma, lakini unaona na kusikia kama uliyeko mwezini. Wakazi wa mji ule walikuwa roboti wenye akili unde, kila mmoja na kumbukumbu zake. Kazi ya Zawena ilikuwa kuwatembelea, kisha kueleza kasoro zao kwa mdomo.

Shule aliiachia darasa la kwanza, mama yake alipougua. Kazini hakumwambia mtu. Siku ya kwanza ubao ulipowaka, alisingizia, "Macho yananiuma." Tangu hapo Kitali hakuacha kumuuliza, "Macho yanaendeleaje leo, dada?" Naye hujibu, "Afadhali kidogo." Ikapita miezi minane. Sasa aliweza kusoma hata vikaratasi vya dawa za mama yake.

Jumatatu moja mhandisi mkuu, Bi Rukonge, aliwaita wajaribu wote wa mchezo.

"Roboti wa ghalani anachelewa sekunde tisa," alisema. "Nimemuuliza sababu, ananijibu, 'Hilo si langu kulisema.' Roboti gani huyo mwenye siri? Leo hii namfuta kumbukumbu zote."

"Labda kapenda!" Hamduni, mjaribu mwenzao, alitania.

"Roboti hapendi, anakokotoa. Wewe ndiye unayependa, kila wiki mtu mpya."

Chumba kizima kikaangua kicheko. Zawena hakucheka. Kumbe Kitali alijua. Alijua muda wote, na hata sasa, akikaribia kufutwa, bado alikuwa amemfichia aibu yake.

Akainua mkono. Watu wakageuka, maana mkono ule hawakuwahi kuuona juu.

"Shikamoo, Bi Rukonge. Naomba niingie kwake kwanza. Na nyote msikie."

"Marahaba. Ingia, ila na wewe usinicheleweshe."

Vipaza sauti vikafunguliwa. Zawena akavaa kofia-ono. Mbele yake ghala likatokea, na Kitali mlangoni.

"Karibu, dada. Macho yanaendeleaje leo?"

Zawena alianza kujibu kama kawaida, akajizuia. Kitali naye hakumharakisha. Alisimama tu, kama siku zote.

"Macho yangu hayajawahi kuuma, Kitali," alisema. "Nilikuwa sijui kusoma."

Kisha sauti ya Bi Rukonge ikamfikia masikioni, imelainika. "Simfuti. Sijui hicho alicho nacho kinaitwaje, lakini mimi sikumwekea. Endelea, mwanangu."

Zawena akakishika kile kidole cha chuma kilichomwongoza kwenye kila neno.

"Asante kwa kuningoja," alisema, kwa sauti ambayo chumba kizima kiliisikia. "Hakuna mwingine aliyewahi kuningoja."