Lami Juu ya Mawe ya Casimir

Jioni hiyo Émérence alitoka nje kwenda kutazama rangi. Alitoka kwa sababu fundi alikuwa amesimama uani akimngoja, na si vizuri kumsimamisha mtu mzima. Jua lilikuwa limeshaangukia nyuma ya vilima. Ziwa limegeuka kijivu. Kwenye ukuta wa mbele, Papa Isidore alikuwa amepaka viraka vitatu, kila kimoja kikigusa mawe ya chini ya nyumba.

"Rangi haiangaliwi muchana, Mama Adrienne," alisema. "Muchana inadanganya muntu. Inaangaliwa saa hii, pembeni ya jiwe. Jiwe njo linasema kweli."

Kiraka cha kwanza kilikuwa manjano ya udongo, na karibu na jiwe kilionekana kama uso wa mgonjwa. Cha pili kilikuwa kijani, kikakaa na mawe kama vile vimezaliwa pamoja. Cha tatu kilikuwa bluu iliyovuka ziwa kutoka Kigoma, kali, isiyojali jiwe wala mtu.

"Unapenda gani?"

"Yoyote," alisema Émérence.

Hakuwa na kiburi. Moyo wake ulikuwa umekufa ganzi, ndivyo tu. Tangu mumewe azikwe alikuwa akipika, akifagia, akiitikia salamu, na ndani yake hapakuwa na kitu. Hata kwenye kilio hakutoa chozi, na wanawake walinong'ona wakachoka. Angeulizwa achague kati ya bugali na mchanga, labda angejibu vilevile.

Mumewe aliitwa Casimir. Kwenye karatasi za serikali ya Zaire jina hilo lilikuwa limeshafutwa, maana majina ya ubatizo yalikatazwa kwa amri, lakini nyumbani na kitandani alibaki Casimir. Alikuwa mfanyakazi wa bandari ya Kalemie, mabega kama mlango. Nyumba hii aliijenga mwenyewe, na mawe yake aliyabeba kichwani kutoka ufukoni, moja baada ya moja, kila alipotoka kazini. Mawe yalizunguka nyumba hadi usawa wa kiuno. Mawe yalisimamisha nguzo mbili za barza, mbele ya mlango. Mawe yalikuwa kizingiti. Majirani walimcheka kwamba anajenga ngome ya Wajerumani, naye akacheka nao, akaenda kuleta jingine.

Kisha homa ikamchukua, wakati wa mvua.

Kisha akaanza kurudi.

Alikuja saa kama hizi, giza likiwa bado halijakata shauri. Kwanza ilikuja harufu ya tumbako yake, ile kali ya kusokota. Halafu changarawe za njiani. Kshh... kshh... Nyayo nzito, zisizo na haraka, kama za mtu anayetoka kazini. Zilifika kwenye nguzo ya barza zikasimama. Halafu ulisikika mkono mkavu ukipapasa jiwe, taratibu, kutoka juu kwenda chini.

Émérence alikuwa akikaa ndani na kusikiliza. Hakuogopa. Alijishangaa kwamba haogopi, na hata mshangao wenyewe ulikuwa mdogo.

Aliyeogopa ni Bertille, dada mkubwa wa Casimir, alipofika kutoka Niemba kuja kutayarisha mwisho wa matanga. Jioni ya kwanza tu alinusa hewa, akaweka chini sahani yake.

"Mulamu," alimuuliza wifi yake, "amekuja mara ngapi?"

"Sijui. Kila siku."

"Na wewe unanyamaza."

Bertille alimweleza basi, kwa sauti ya chini, mambo ambayo ukoo wao ulikuwa ukiyafanya tangu zamani. Kwao, nyumba ya marehemu inabadilishwa sura kabla matanga hayajaisha. Maiti hatambui watu, alisema. Uso wa mkewe, uso wa mama yake, kwake ni ukuta tu. Anachokijua ni nyumba yake. Akikuta imebadilika anapita, anatafuta, anachoka, anaenda alikopaswa kwenda. Akiikuta vilevile anakaa nje mpaka mtu wake apatikane. Halafu anaingia na kumchukua.

"Muntu gani?" aliuliza Émérence, ingawa alijua.

"Ule alimuita."

Pumzi ya mwisho ya Casimir ilikuwa na jina ndani yake. Adrienne. Ndiye mtoto wao pekee, msichana anayesoma kwa Masista kule Moba, na sasa likizo kubwa ilikuwa imekaribia na angepanda mashua kuja nyumbani. Baba yake alikuwa akimpenda mpaka watu wakasema anamharibu. Kila jioni hakuvua viatu kabla hajamwona.

"Mutoto asivuke mulango kama nyumba ingali ya Casimir," alisema Bertille. "Umenisikia?"

Émérence alimsikia. Mahali fulani mbali, chini kabisa ya ile ganzi, kitu kilijongea. Akamwita Papa Isidore.

Ndiyo maana sasa Bertille alitoka nje naye akasimama mbele ya viraka, mikono kiunoni.

"Hapa hatutafuti ya kupendeza," alimwambia fundi. "Tunatafuta yenye yeye hangeweka hata kwa fimbo. Mulamu, bwana yako alichukia rangi gani?"

Émérence alijaribu kukumbuka. Alikumbuka mabega, alikumbuka viatu mlangoni. Rangi hakukumbuka.

"Bluu," alijijibu Bertille. "Alikuwa anasema bluu ni ya dispansari. Muntu akilala ndani ya bluu anaamuka mugonjwa. Paka bluu."

"Na mawe?" aliuliza Isidore. "Tunaacha?"

"Mawe njo ya kwanza kupaka."

Fundi aliinamia ukuta, akayagusa. Ilionekana wazi kwamba alikuwa akiumia. "Kazi nzuri hivi, Mama. Kuifunika ni aibu kwangu."

"Aliyabeba kwa kichwa. Hata macho yakikosa, mikono itayajua. Weka lami, Papa Isidore, usiache hata moja."

Basi nyumba ikapakwa. Kuta zikawa bluu inayoumiza macho, na chini yake, na kwenye nguzo, na kwenye kizingiti, mawe yote yakazama ndani ya lami nyeusi. Yakawa laini. Watoto wa jirani waliyapapasa wakapigwa na mama zao kwa kuchafua nguo.

Jioni ile tumbako ilinukia kama kawaida.

Kshh... kshh...

Nyayo zilifika mbele ya nyumba. Zikasimama. Émérence, ndani, aliacha kupumua bila kujua kwamba ameacha. Zilisimama muda mrefu. Zikarudi nyuma kidogo, zikaja tena, kama mtu aliyesahau namba ya mlango.

Halafu zikapita.

Jioni zilizofuata zilisikika mbali zaidi, huko kwenye kona, huko karibu na soko, zikizunguka. Halafu hazikusikika. Bertille alisema ashukuriwe Mungu. Émérence alisema ndiyo. Kitu alichokihisi hakikuwa furaha wala huzuni; ilikuwa nafasi tupu tu, kama ukutani palipotolewa picha.

Siku ya mashua ikafika, mashua haikufika.

Félicien, jirani aliyekuwa karani wa bandari, alipita kusema upepo ulikuwa mbaya tangu jana. Masista walikuwa wameongea kwenye fonia, ile redio ya misheni: mashua ilishatoka Moba, watoto wote ndani. Zaidi ya hapo hakuna aliyejua. Bertille akajifunga kitambaa kichwani akashuka naye bandarini kungoja habari. Émérence akabaki barzani peke yake, amekalia benchi, mgongo wake ukigusa nguzo ya lami.

Giza lilianza kuingia. Ng'ambo ya barabara jirani yake, Mama Louise, alikuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo. Tu. Tu. Tu.

Kinu kikanyamaza.

Msichana alikuwa amesimama kwenye lango la Mama Louise. Sketi ya bluu, blauzi nyeupe ya shule. Blauzi ilikuwa imemganda mwilini, na maji yalikuwa yakichuruzika kwenye vidole vyake na kudondoka vumbini.

"Mama," alinong'ona, "nyumba ya mawe iko wapi?"

Mama Louise alinyoosha mchi. "Si hiyo nyuma yako?"

Msichana akageuka. Émérence akauona uso wa Adrienne, mwanawe, paji lake, kovu lake dogo la kidevu. Alisimama. Benchi likaanguka.

"Adrienne. Ni hapa."

Yale macho yalipita juu yake. Hayakusimama. Yaliupita uso wa mama yake kama yanavyopita juu ya ukuta, yakatazama bluu, yakatazama lami.

"Hapana," alisema msichana polepole. "Ile si yenyewe."

Akaenda. Akashuka na njia ya ziwani, na harufu ya maji ikabaki.

Mama Louise alivuka barabara, mchi bado mkononi. "Mama Adrienne... ule si mutoto wako? Mbona hakukujua?"

Émérence alikuwa ameshaelewa. Aliye hai angemjua mama yake hata kama nyumba ingepakwa rangi zote za dunia. Asiyejua uso, anayetafuta nyumba tu, huyo ni nani? Bertille alikuwa ameshamwambia. Mwanawe alikuwa amekufa majini, amekuja kwao, na kwao pamefungwa.

Aliingia ndani, akatoka na kisu cha jikoni na mafuta ya taa.

Bertille aliporudi alimkuta amepiga magoti mbele ya nguzo, akikwangua.

"Hakuna habari bado," alisema Bertille. Halafu akaona. "Unafanya nini?"

"Mutoto amekuja. Hajui kwao."

Bertille alinong'ona. "Na mwenye nyumba pia anatafuta. Ukifungua kwa mumoja, unafungua kwa wote."

"Aingie basi. Mutoto wangu halali njiani."

"Ngoja habari, mulamu. Ngoja kesho tu."

Lakini kisu kiliendelea. Bertille alimtazama kitambo, akachukua kitenge chake, akaenda kulala kwa Mama Louise.

Alfajiri ilimkuta Émérence kwenye kizingiti, na mchana ukamkuta chini ya ukuta wa mbele. Alimwaga mafuta, akasugua kwa mchanga, akakwangua. Lami ilitoka vipande vipande na jiwe likachungulia, la kijivu, lenye mishipa myeupe. Vidole vilimtoka damu. Alivitazama kama vidole vya mtu mwingine. Jua lilipoanguka, nguzo zote mbili zilikuwa wazi, na kizingiti kilikuwa wazi. Aliandaa sahani ya bugali na ndagala, akaiweka mezani sebuleni. Akaacha mlango wazi. Akarudi kukaa barzani, mgongo kwa mlango, maana aliona aibu kumkodolea macho mtoto akiwa katika hali ile.

Kshh...

Kshh...

Nyayo zilikuwa nzito. Nguo zimelowa, alijiambia Émérence. Nguo za maji zina uzito.

Zilifika kwenye nguzo zikasimama. Mkono ukapapasa jiwe, kutoka juu kwenda chini, polepole sana. Pumzi ndefu ikashushwa, pumzi ya mtu aliyefika. Kitu baridi kikampita begani.

"Karibu, mwanangu," alinong'ona bila kugeuka. "Chakula kiko mezani."

Ndani, kiti kikatoa mlio wa kupokea mtu.

Na hapo ganzi ikaachia. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi. Joto lilimpanda kutoka tumboni mpaka machoni, na Émérence akalia, kimya kimya, kwa furaha. Mtoto wake alikuwa nyumbani.

Alikuwa bado anajifuta alipowasikia watu wakipanda njia. Félicien alikuwa mbele, sanduku la shule kichwani, akicheka peke yake kwa furaha. Nyuma yake alikuja msichana aliyeungua jua, matope mpaka magotini, akichechemea.

"Mama Adrienne, mutoto wako huyu," aliita Félicien. "Mashini ilikufa, upepo ukawatupa kule Tembwe. Wote wazima. Wamekuja kwa miguu."

Msichana alitupa kandambili zake akakimbia. "Mama. Mumepaka bluu. Nimeijua tangu kule chini, nikasema, angalia Mama, amepaka kwetu bluu."

Alimkumbatia. Alikuwa na joto. Alinuka jasho na moshi na samaki wa kuchoma. Moyo wake uligonga kwenye kifua cha mama yake, haraka, kama wa kila mtoto aliyekimbia.

Émérence alimshika. Na alipokuwa amemshika, akawaza, taratibu, wazo moja likiburuta lingine. Mtoto huuliza kwao. Hakuna mtoto anayeuliza mawe. Anayeuliza mawe ni yule aliyeyabeba. Na uso wa mtoto unaweza kuazimwa na anayempenda sana.

Ganzi ikarudi. Ilianzia vidoleni, ikapanda.

"Nina kiu," alisema Adrienne, akijitoa mikononi mwake.

"Usiingie."

Alidhani amepaza sauti. Ilitoka kama pumzi tu.

"Nini, Mama?" Msichana alikuwa ameshavuka kizingiti. Miguu yake ya matope iliacha alama juu ya jiwe safi. Sauti yake ikaja kutoka gizani mwa sebule, yenye mshangao, na bado haijaogopa.

"Mama... nani anavuta tumbako humu?"

Kiti kikatoa mlio tena, kama kinavyolia mtu anapoinuka.