Kitabu cha Uyoga na Namba ya Mgongoni

Maiti ilikuwa imelala kifudifudi kwenye ujia, katikati ya chumba cha kulala na choo, mkono mmoja umenyooshwa kuelekea mlango ambao haukufikiwa. Alikuwa mpanga kurasa mstaafu wa kiwanda cha uchapaji, umri miaka sitini na nane. Kandambili moja ilikuwa mguuni, ya pili ilibaki chini ya kitanda. Inspekta alichuchumaa, akakigeuza kichwa kidogo, akamtazama macho. Yalikuwa ya njano, kama karatasi iliyosahauliwa juani.

"Ini," alisema daktari wa polisi. "Nikimpasua nitakwambia kwa uhakika, ila mimi naona uyoga."

Akaeleza jinsi sumu ile inavyocheza na mtu. Siku ya kwanza hutapika. Siku ya pili hujiona amepona, akaomba hata chai. Siku ya tatu huanguka.

Inspekta aliandika yote. Alikuwa mama wa makamo, na tangu amzike dada yake miezi minne nyuma, mambo yalimfikia kama yamepitia kwenye pamba. Kazi alifanya, chakula alikula, na akiulizwa habari alijibu nzuri. Hakuna kilichomuuma wala kilichomfurahisha.

Jikoni alimkuta mjane ameketi, viganja juu ya meza. Alikuwa mkutubi mstaafu, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini, kama bado yumo maktaba. Alisema Jumapili mumewe alirudi na kikapu cha uyoga kutoka kwenye misonobari nyuma ya tangi la maji, na yeye akaupika kwa kitunguu. Mumewe alikula. Yeye hakula, kwa kuwa uyoga humvimbisha tumbo tangu usichana wake.

"Shemeji hakula," mdogo wa marehemu alidakia kutoka mlangoni. "Kapika yeye, kapakua yeye, kakaa kumtazama mwenzake akila. Mnasubiri nini tena, awaandikie barua?"

Mjane hakumgeukia. Alisema tu kwamba walifuata kitabu walichokuwa nacho jikoni wiki tatu. Akakionyesha kwenye rafu, kando ya kopo la chumvi, kitabu chembamba chenye jalada la kijani. Sajenti aliyefuatana na Inspekta alikichukua, akafungua ukurasa wa sitini na moja. Palikuwa na picha ya uyoga mweupe wenye pete shingoni. Chini yake pameandikwa: *Hatari. Huua.*

Akamwekea mezani. Mjane aliutazama ukurasa ule.

"Picha ndiyo hiyo," alisema. "Maneno siyo. Paliandikwa unalika."

Ndani ya gari Sajenti alicheka puani. Alisema ama mama yule hajui kusoma, ama anadhani polisi ndio hawajui. Mkuu wa kituo naye hakutaka maneno mengi: Ijumaa jalada la kesi liende kwa mwendesha mashtaka, shtaka liwe mauaji. Hiyo ilikuwa Jumatano.

Alhamisi asubuhi yakaja majibu ya alama za vidole. Inspekta aliyasoma mara mbili, kisha akamsukumia Sajenti karatasi.

"Kidole gumba chako kimetoka vizuri sana," alimwambia. "Siku nyingine vaa glavu. Tukikosa mtu tutakukamata wewe."

"Na cha mjane?"

"Hakipo. Wala cha marehemu. Kitabu kimekaa jikoni wiki tatu, watu wawili wanakifunua kwa mikono yenye mafuta, na hakina hata doa. Kuna kidole kimoja tu kisichojulikana, kwenye jalada la nyuma."

Wakarudi kwa mjane. Inspekta alimuuliza kama ana chochote cha kuonyesha kwamba kitabu alichokitumia ni kingine. Mama yule aliinuka bila haraka, akaleta kasha la mbao lililojaa kadi. Miaka thelathini na moja alikuwa akiorodhesha vitabu vya watu, alisema, na alipostaafu mkono ulikataa kupumzika. Kila kitabu kilichovuka kizingiti cha nyumba ile kilipata kadi yake. Mumewe alikuwa akimtania kwamba siku moja atamwekea na yeye namba mgongoni.

Kadi ya kitabu cha uyoga ilikuwa na jina la kitabu, tarehe kilipoingia nyumbani, na namba yake ya utambulisho, ISBN, aliyoinakili kutoka jalada la nyuma. Mwisho wake ulikuwa 42-6. Inspekta akageuza kile kitabu cha kijani ndani ya mfuko wa vielelezo. Juu ya msimbo milia, ile mistari myeusi inayosomwa na mashine dukani, mwisho ulisomeka 43-3.

"Mama, ulikosea kunakili," alisema Sajenti.

"Jumlisha," mjane alimjibu.

Akawaeleza polepole, kama anayefundisha darasa la watoto wagumu. Namba zile ni kumi na tatu. Ya kwanza ichukue ilivyo, ya pili izidishe kwa tatu, ya tatu ilivyo, ya nne kwa tatu, hivyo hivyo hadi mwisho. Jumla isipogawanyika kwa kumi, namba hiyo ni ya uongo. Ile ya mwisho ni mlinzi tu, kazi yake kumkamata mwenye kukosea.

Inspekta alikokotoa nyuma ya bahasha. Ya kadi iligawanyika. Ya kitabu nayo ikagawanyika.

"Sajenti, nikutegee kitendawili," alisema. "Nina watoto wawili, sura moja, nguo moja, jina moja. Anayetaka kuwatofautisha huwageuza mgongo."

Sajenti alitazama bahasha, akatazama kitabu. "Vitabu viwili," alisema.

"Matoleo mawili. Twende garini tumpigie mchapishaji."

Karani mzee wa shirika la uchapishaji alijibu baada ya kupekua madaftari yake, kurasa zikisikika kwenye simu. 43-3 ilikuwa toleo la pili. 42-6 ilikuwa la kwanza, na hapo sauti ikashuka. Picha mbili zilibadilishana maneno: wenye sumu ukaandikwa unalika, unaolika ukaandikwa unaua. Likakusanywa madukani na kupondwa lote, likatolewa la pili kwa jalada lilelile. Kosa lilikuwa la mpanga kurasa. Alipotaja jina, lilikuwa la marehemu.

Sajenti alikuna kichwa. Alisema hilo linamfunga mjane zaidi badala ya kumfungua. Mke wa mpanga kurasa angeshindwaje kulijua kosa la mumewe? Kadi angeweza kuiandika hata jana, kwa namba ya kweli ya toleo la kwanza.

Inspekta alikubali kwamba angeweza. Akaisoma tena kadi. Chini kabisa, palipo na nafasi ya hali ya kitabu, paliandikwa: *Kimetumika. Alama ndogo ya vema kwa penseli, uk. 61.*

"Basi tukitafute chenye penseli," alisema. "Tukikikuta mahali ambapo yeye hajafika, kadi yake ni ya kweli."

Kilitoka wapi kile cha kwanza? Waliporudi jikoni, mjane alisema ni zawadi ya muuza vitabu vilivyotumika, yule wa kona ya posta, rafiki wa mumewe wa miaka sita. Na nani aliingia jikoni kati ya kifo na polisi? Wengi walikuja kumpa pole sebuleni. Jikoni aliingia mmoja tu, akasema atamsaidia kuosha vikombe. Alikuwa na mkoba begani. Muuza vitabu.

Walikwenda na hati ya upekuzi. Duka lilikuwa refu na jembamba, vitabu vimepanda hadi darini, na mwenyewe alikuwa mzee nadhifu aliyefunga vifungo vyote vya shati. Hakuuliza wanataka nini. Sajenti alipoanza kuhangaika na rafu, mzee alimwambia asijichoshe, hakimo humo.

Kitabu kilikuwa kwenye chumba cha nyuma, juu ya kimeza chenye kitana na miwani ya kike iliyokatika mkono. Jalada la kijani, madoa ya mafuta. Inspekta alivaa glavu, akakigeuza. 42-6. Akafungua ukurasa wa sitini na moja. Chini ya uyoga mweupe palisomeka: *Unalika. Mtamu sana.* Pembeni palikuwa na vema ndogo ya penseli.

Kituoni kidole cha jalada la nyuma kililingana na cha mzee, na Inspekta alimsomea haki yake ya kunyamaza. Mzee alisema amenyamaza miaka kumi na moja, imetosha.

"Kwa nini hukukichoma?" Inspekta aliuliza.

"Kilikuwa cha mke wangu."

"Vema ni yake?"

"Alipenda kuweka alama kwa vitu alivyopika vikatoka vizuri. Aliiweka siku ya pili. Alijiona amepona."

Hospitali walisema chakula kibovu. Miezi michache baadaye toleo la pili likapita dukani kwake, akaviweka viwili sambamba mezani, akaelewa. Aliandika barua kwa mchapishaji. Hakujibiwa.

"Na marehemu ulimjuaje?"

"Alijitaja mwenyewe. Mwezi uliopita alikuja akaniambia ameanza kuchuma uyoga, akatafuta kitabu kile. Akasema kurasa zake alizipanga yeye. Akacheka. Akasema la kwanza tuliharibu, tukaliponda, bahati nzuri hakuna aliyedhurika." Mzee alitazama viganja vyake. "Miaka sita namkaribisha kiti."

"Ukampa."

"Nilimpa kazi yake. Nikamwambia kiangalie vizuri kabla hujakitumia. Alitazama jalada tu, akasema anakijua hiki kama mtoto wake. Angekigeuza, Inspekta. Yeye ndiye mtu pekee mjini aliyeijua namba ile."

"Na mkewe? Angefungwa maisha."

"Sikumfikiria," alisema. "Nilibadilisha kitabu ili kile cha mke wangu kirudi nyumbani."

Sauti haikupanda wala haikushuka. Inspekta aliitambua sauti hiyo. Ndiyo aliyokuwa akiitumia yeye mwenyewe kujibu habari, nzuri.

Jioni ile alimpelekea mjane kadi yake. Mdogo wa marehemu alikuwa sebuleni, akainuka, akasema shemeji nisamehe, akatoka nje. Inspekta alieleza yote bila kupunguza, kosa la mume, kifo cha mwanamke yule, zawadi. Mjane alisikiliza akiwa ameishika kadi kwa ncha za vidole.

"Hakuwahi kuniambia," alisema. Kisha: "Ile vema aliiweka mwenyewe, huyo mama?"

"Mwenyewe."

"Nilimsomea mume wangu maneno, akasita, akasema mbona kama siyo. Akataka kutupa kikapu chote." Aliirudisha kadi kashani, mahali pake palepale. "Mimi ndiye niliyemwonyesha hiyo vema. Nikamwambia tazama, kuna mtu aliupika kabla yetu, akaupenda."