Lenzi Iliyokataa Kurudisha Mbali

Leodgar alizungusha pete ya lenzi, na kila kitu kikarudi mbali isipokuwa mtoto.

Mabehewa ya mizigo yalirudi mbali. Mama muuza vitunguu, ambaye sasa hivi alikuwa amejaa kwenye kioo, akawa mdogo kama kidole. Lakini mtoto wa kike aliyekaa nyuma yake kwenye kigoda, blanketi mabegani, alibaki vilevile: mkubwa, karibu, kidevu juu, kama vile pete ile haimhusu.

Akaondoa jicho kwenye kamera. Ng'ambo ya reli palikuwa na muuza vitunguu peke yake.

"Vipi, imekupenda?" Method akauliza.

Method alikuwa fundi wa redio na kamera. Kibanda chake kilitazama stesheni ya Mpanda, na karibu kila treni ya Tabora ilimletea kitu ambacho mwenyewe wa kwanza amekufa au amehama. Safari hii zilikuja lenzi mbili za kuvuta, zimelala mezani juu ya kanga kuukuu.

"Kioo chake kina doa," Leodgar akasema.

"Doa liko kwenye jicho lako. Jana si ulikuwa kilabuni wewe?" Method akacheka, akachukua lenzi ya pili. "Basi tazama hii. Nyepesi, inavuta mpaka mia tatu. Ila mdomo wake mwembamba. Ndani ya kanisa utapiga giza na mishumaa. Hiyo uliyoshika inaanza themanini, inaishia mia mbili, nzito kama jiwe la kusagia, lakini mdomo wake mpana. Inakunywa mwanga kama ng'ombe wa Kisukuma aliyefika mtoni. Chagua, ndugu yangu. Umbali au mwanga."

Leodgar alihitaji vyote viwili. Mwezi uliofuata kulikuwa na upadrisho, na paroko alikwisha kutangaza kwamba safari hii hakuna mpiga picha atakayepita benchi la kwanza, maana mwaka uliotangulia wapiga picha waliwaziba wazazi hata hawakuona mtoto wao akilala kifudifudi mbele ya altare. Na baada ya miaka sita ya kamera ya nusu fremu, ile ya mtu anayebana filamu, Leodgar alikuwa amepata kamera ya fremu kamili. Ilikuwa inasubiri lenzi ndefu tu.

Hiyo ndiyo sababu aliyompa Method. Ilikuwa ya kweli, lakini haikuwa yote.

Sababu nyingine hakumwambia mtu. Tangu Sibwesa, Leodgar alikuwa hawezi kuusogelea uso wa mtu. Akifika hatua tatu, alishusha kamera. Alitaka kusimama mbali na bado apate picha.

Akachagua ile nzito.

"Mbona ina joto?" akauliza alipoifungua toka kwenye kamera.

"Imekaa juani," Method akasema. Meza ilikuwa kivulini tangu asubuhi.

*

Ya Sibwesa yalikuwa hivi. Miaka miwili nyuma, mwaka tisini na nne, Leodgar alikuwa akitoka kupiga harusi. Mwanamke mmoja akamsimamisha njiani. Aliitwa Kabula, mjane wa Kisukuma aliyehamia pale na ng'ombe wachache. Alitaka mwanawe apigwe picha. Mtoto, Nyanzala, alikuwa na miaka sita na homa ya siku nyingi.

"Hana picha hata moja," Kabula alisema. "Nipigie hii tu, baba."

Filamu ilikuwa imekwisha kwenye harusi. Leodgar alijua. Lakini wapiga picha wa Mpanda walikuwa na desturi yao, hawakuitaja mbele ya wateja: picha ya upepo. Unampanga mtu, unamulika, unabonyeza kamera tupu. Mtu anafurahi, anakupa kitu. Ukirudi na filamu unamwambia ile ya kwanza imeungua, unapiga nyingine. Hakuna aliyeumia.

Akamkalisha mtoto kwenye kigoda, akamtengenezea blanketi. "Inua kidevu. Usipepese. Usipumue mpaka nikuambie." Akabonyeza. Kisha, kwa kuwa uso ule mdogo ulimwamini mno, aliona haya ghafla, akafunga mkoba, akapokea kuku aliyepewa, akaondoka. Alikuwa amefika kwenye boma la jirani aliposikia sauti nyembamba nyuma yake.

"Nipumue sasa?"

Mama yake akacheka, akamwambia apumue.

Nyanzala alikufa siku ya nne. Kuku alikuwa ameliwa siku ya pili.

Kabula alikuja studio mara tatu, kwa miguu na kwa malori. Mara zote tatu Leodgar alimwambia picha haijarudi kutoka Dar es Salaam. Mara ya tatu hakuuliza tena kama itarudi. Aliuliza tu, "Lakini alitoka vizuri?" Leodgar akajibu, "Vizuri sana, mama."

*

Alikwenda kuijaribu lenzi kanisani, saa nane mchana, wakati hapana mtu. Akaweka filamu mpya ya rangi mbili, nyeusi na nyeupe, ambayo angeweza kuisafisha mwenyewe. Akasimama mlangoni, akavuta altare mpaka mia mbili.

Kwanza ilikuja harufu, ya maziwa mgando na moshi wa kinyesi cha ng'ombe, harufu ya boma la Kisukuma, ndani ya kanisa lililodekiwa asubuhi kwa sabuni. Kisha akamwona. Alikaa kwenye kigoda, mbele ya ngazi za altare, blanketi mabegani.

Leodgar akabonyeza, maana kidole kilikuwa kimekwisha kuanza. Akasogeza filamu. Kamera yenye filamu, ukivuta wenzo wa kusogeza, kifundo cha upande wa pili nacho huzunguka. Kifundo hakikuzunguka. Wenzo ulikuwa mwepesi, mwepesi kama siku ile. Akazungusha pete kurudi themanini, na altare ikaenda mbali, mabenchi yakajipanga, nguzo zikaingia, na mtoto akabaki ukubwa uleule, akiziba sasa benchi tano badala ya mbili, kwa hiyo ilikuwa ni kanisa linalorudi nyuma na yeye anayekuja mbele, na Leodgar akabonyeza tena, akabonyeza tena, akitumaini kwamba sauti ya kamera itamfukuza kama sauti ya debe inavyofukuza ndege mpungani, mpaka wenzo ukakwama na akajua kwamba filamu, ambayo kifundo kilisema haimo, imekwisha yote.

Akakimbilia studio. Akajifungia kwenye chumba cha giza, maana mpiga picha mwenye hofu bado ni mpiga picha, na ni lazima aone.

Alipoining'iniza filamu chini ya taa nyekundu, fremu zote thelathini na sita zilikuwa picha moja. Hapakuwa na kanisa wala benchi. Palikuwa na ukuta wa udongo, kigoda, blanketi, kidevu juu. Ilikuwa ile picha ambayo hakuipiga. Akachapa moja, akaiweka kwenye dawa, akaona uso ukipanda polepole kutoka kwenye weupe wa karatasi, kwanza macho, kisha pua, kisha mdomo uliofungwa kwa nguvu kama wa mtoto anayezuia pumzi, na wakati akiutazama, maji ya dawa yakiwa yametulia kabisa na hakuna aliyegusa sinia, ule mdomo ukafunguka kidogo, na nyuma ya sikio lake la kushoto, karibu kiasi kwamba angeweza kuhisi joto lakini hakuhisi upepo wowote, sauti nyembamba ikasema:

"Nipumue sasa?"

*

Sokoni Mpanda, kati ya wauza samaki, alikuwepo Mama Emerensiana. Aliuza migebuka mikavu kutoka Karema, na watu wenye shida nyingine walimfuata hapohapo penye samaki.

Alimsikiliza Leodgar huku akifukuza nzi.

"Ulimjibu?"

"Nilitoka mbio."

"Mbio zimekufaa. Mtu jasiri angemjibu." Akageuza mgebuka. "Sasa sikia, baba. Yule si mtoto. Mtoto alishakwenda zake kwa Mungu, hana haja na wewe. Hicho ni kitu kingine, kimekuta deni la uso halina mwenyewe, kikauvaa. Kinaomba ruhusa ya kupumua. Kikipewa, kinakuwa na mapafu."

"Nikaitupe lenzi mtoni?"

"Utupe mtoni, kesho mvuvi akuletee, akudai na soda. Hapana. Kwa mama yake. Umwambie ulichofanya, kwa mdomo wako, ukimtazama. Akikusamehe, atie maji mdomoni, aipulizie hiyo lenzi, kama wanavyofanya Wasukuma wenyewe wakiondoa kinyongo. Kisha muivunje kwa mchi." Akainua kidole chenye magamba ya samaki. "Lakini iwe imefunikwa. Mama asichungulie humo. Umenisikia? Wewe unamwogopa, ndiyo maana hujamjibu. Yeye hatamwogopa."

Leodgar akaitikia kwa kichwa.

"Na nunua samaki," Mama Emerensiana akasema. "Umekaa hapa nusu saa, wateja wamenipita."

*

Masunga, dereva wa lori la mahindi, alimshusha Sibwesa kabla ya adhuhuri. Leodgar alibeba kamera kifuani, lenzi imefungwa kwa kitambaa cheusi mara tatu. Njia nzima lenzi ilikuwa ya moto.

Kabula alikuwa akitwanga. Akaacha mchi.

"Mwangaluka, baba," akasalimu. "Imerudi?"

Alimtazama, kama alivyoagizwa. Hakuwa amemtazama mtu kwa karibu hivyo kwa miaka miwili.

"Haikurudi, Mama Nyanzala. Haikwenda. Siku ile kamera haikuwa na filamu. Nilijua. Nilikupigia upepo, nikachukua kuku wako."

Kabula akakaa chini, taratibu, kwenye ukingo wa kinu. Kuku mmoja akaja kula kilichomwagika, hakumfukuza.

"Mara ya tatu," akasema mwishoni, "ulisema alitoka vizuri."

"Nilisema."

"Mimi nililala na neno hilo. Kila siku nilikuwa najitengenezea hiyo picha kichwani. Nyie watu wa mjini." Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza. "Sasa umekuja kunipokonya na hiyo."

Leodgar akamweleza mengine yote: lenzi, kanisa, chumba cha giza, maji ya kupulizia, mchi. Alieleza vibaya, akirudia maneno. Na palepale aliposema kwamba ndani ya lenzi kuna kitu chenye uso wa Nyanzala, aliona macho ya Kabula yakihama kutoka usoni pake kwenda kifuani pake, kwenye kitambaa cheusi, na yasirudi.

"Anaonekana?" akauliza.

"Siyo yeye, mama. Ndicho nilichoambiwa."

"Nimekuuliza kama anaonekana."

Alikwisha simama. Mikono yake ya kutwanga ilikuwa na nguvu kuliko ya mpiga picha, lakini ukweli ni kwamba haikuhitaji nguvu; Leodgar hakung'ang'ania. Ni nani angemnyima mwanamke yule kitu kwa mara ya pili? Kitambaa kikafunguka mara moja, mara mbili, mara tatu. Harufu ya maziwa mgando ikajaa uwanja. Kabula akaweka jicho, akafumba jingine, akaielekeza kamera kwenye mlango wa nyumba yake mwenyewe.

Akaikaza kamera usoni.

"Amekonda," akanong'ona. "Lakini ni shingo yake. Hata kovu la kuungua liko." Kisha, bila kuondoa jicho: "Baba. Wewe umemwona mara nyingi. Niambie kweli leo. Ni yeye?"

Hapo Leodgar alikuwa na neno moja tu la kusema, na alilijua, na lilikuwa tayari mdomoni. Lakini lenzi haikuwa tena kifuani pake. Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi kifua chake kilikuwa cha baridi, chepesi, chake mwenyewe. Na mama alikuwa akitabasamu.

"Ni yeye," akasema.

Kabula akauinamia mlango kama mtu anayemwinamia mtoto mdogo. "Pumua, mayu, mama yangu," akasema. "Pumua. Nani amekukataza?"

Ndani ya nyumba, mahali pasipo na mtu, kitu kikavuta pumzi ndefu. Pazia la mlango likaingia ndani, likabaki limeingia, muda mrefu kuliko mapafu ya mtoto yanavyoweza, muda mrefu kuliko ya ng'ombe. Na ng'ombe zizini wakasimama wote pamoja.

Leodgar alikuwa amekwisha kufika barabarani.

*

Upadrisho aliupiga kwa kamera ya kuazima na ile lenzi nyepesi ya Method. Picha zilitoka giza na mishumaa, kama Method alivyosema, na watu walilalamika kidogo tu.

Masunga ndiye aliyemletea habari, wiki ya tano, akiegemea mlango wa studio huku akitafuna muwa.

"Yule mama yako wa Sibwesa. Ng'ombe wamehama wenyewe, wamekwenda kwa jirani, ukiwarudisha wanavunja zizi. Yeye hana habari. Anapika ugali wa watu wawili, anashinda na ile kamera usoni tangu jua linatoka. Watu wamejaribu kumpokonya, hawawezi. Lakini hajambo, bwana. Anacheka. Amekusalimu sana, anasema Mungu akubariki."

"Hajambo kweli?"

"Hajambo. Ni jicho tu." Masunga akatema makapi. "Lile analofumba akichungulia. Sasa halifunguki tena. Nilimsogelea nikaangalia vizuri. Ngozi imeota, laini, kama vile hapakuwahi kuwa na jicho. Na nikwambie kitu, hata sisi wa kule tumeanza kumwona huyo anayepikiwa. Jana mwanangu ameniuliza yule mtoto anayekaa kwenye kigoda mlangoni ni wa nani."

Leodgar alikuwa na filamu mpya mkononi, hajaifungua.

"Ukamwambia nini?"

"Nimwambie nini, sijui kitu mimi. Nimesema nitakuuliza wewe uliyekwenda." Masunga akaacha kutafuna, akasubiri. "Ni wa nani?"

"Ni wa Kabula," Leodgar akasema. "Mwache mwanao acheze naye."