Dumu kwa Dumu

Madumu matupu hayana adabu. Uyapange utakavyo, yatagongana tu, yatapiga kelele njia nzima, na kila mtu atajua unafuata pombe kabla hujafungua mdomo. Spesioza aliteremka nayo kwenye njia panda ya Ulyankulu wakati jua linashuka nyuma ya mabani ya kukaushia tumbaku. Bernardo, dereva wa kenta aliyempa lifti kutoka Tabora mjini, alimsaidia kuyafunga kwa kamba moja ndefu.

"Mama Leo, nakwenda kupakia tumbaku hapo mbele. Nikirudi nitapiga honi. Usinicheleweshe, taa yangu moja haiwaki."

"Taa yako lini iliwahi kuwaka, Bernardo?"

Bernardo alicheka, akaondoka na vumbi lake. Spesioza akajitwika mzigo, akashika njia ya bondeni peke yake. Watu walikuwa bado wanamwita Mama Leo. Leo mwenyewe, mwanawe Leodgar, alikuwa amezikwa tangu kabla ya mvua kuisha, lakini jina halizikwi pamoja na mtu, na kila aliyeliita alimchoma bila kujua.

Kazi yake ilikuwa mvinyo wa ndizi. Aliununua kwa jumla huku Ulyankulu, alikozaliwa na wazazi waliotoka Burundi, akauuza kwa vikombe nyumbani kwake mtaa wa Mtendeni. Vyombo vilikuwa hayohayo madumu ya njano yaliyokuja mjini na mafuta ya kula. Yalisuguliwa kwa mchanga na maji ya moto, yakajazwa, yakamwagwa, yakasuguliwa tena, mpaka rangi yake ikafifia. Sheria ya wauzaji wa bondeni ilikuwa moja tu na haikuwa na mjadala: dumu kwa dumu. Unaacha tupu, unachukua lililojaa. Ukija mikono mitupu, hata uwe ndugu yao wa damu, utarudi mikono mitupu.

Zamani kazi ya kufuata mvinyo ilikuwa ya Leodgar. Alikuwa na dumu lake mwenyewe, mkono wa kulishikia umezungushiwa mpira wa baiskeli ili usimkate vidole, na humo ndimo alimoonjea kila mzigo kabla ya kuukubali. Aliwahi kuanguka kutoka mtini akiwa mdogo, mguu wa kushoto ukaunga vibaya, akawa anachechemea. Hakuwahi kuulalamikia. Halafu asubuhi moja hakuamka. Jioni yake alikuwa amekula, ametania, amelala mzima. Hata homa hakuwa nayo.

Na hapa ndipo Spesioza alipokosea, na alijua kwamba anakosea. Kwao, mtu akishazikwa, chombo alichokuwa akinywea hupinduliwa kifudifudi ndani ya nyumba, na hakitiwi kitu mpaka tanga lianuliwe. Kuanua tanga kunataka ndugu waje kutoka Urambo, wale, wanywe, walale. Spesioza akasema mwezi ujao. Mwezi ujao ukafika, akasema ujao mwingine. Huku wateja wanagonga mlango, vyombo havitoshi, na pale pembeni kuna dumu zima limelala kifudifudi bila kazi. Alilitazama kwa siku kadhaa. Kisha akalisugua, akalitia pamoja na mengine kwenye kenta ya Bernardo, ambaye sasa ndiye aliyemfuatia mvinyo. Dumu ni dumu, alijisemea. Hata Vestina, binti yake, hakumwambia.

Halikurudi. Yalirudi mengine mahali pake, yamejaa, na mvinyo wake ulikuwa na utamu ambao Mtendeni haikuwahi kuuonja. Wateja walisifia. Spesioza mwenyewe akawa anajimiminia kikombe kila usiku ili apate usingizi.

Safari hii alikuja mwenyewe kwa sababu mwalimu mmoja alikuwa anaoza binti, na alitaka mvinyo mwingi kiasi kwamba Bernardo alikataa lawama. "Nenda ukachague mwenyewe, mama," alimwambia.

Kwa bibi aliyekuwa akimjazia madumu palikuwa kimya. Jina lake Nduwimana, ambalo kwa Kirundi ni kusema "mimi ni wa Mungu." Wazazi humpa mtoto jina wakiwa na matumaini, halafu mtoto hukua. Alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba, mdogo, mkavu, kanga imemfunika mpaka kidevuni.

"Mwiriwe, mama," Spesioza alisalimia kwa Kirundi huku anatua mzigo.

"Mwiriwe, mwana wanje. Mwanangu, umekuja mwenyewe leo."

"Nimekuja, mama. Nina harusi."

Madumu yaliyojaa yalikuwa yamepangwa ukutani. Mengi mno. Spesioza akatazama uani kutafuta vijana wa kazi, maana mvinyo wa ndizi haujitengenezi. Ndizi huivishwa shimoni, humenywa, hukamuliwa kwa nyasi, na ukamuaji huo ni jasho la wanaume wazima. Hakuona kijana. Hakuona hata kandambili mlangoni.

Kulikuwa na harufu tu. Ndizi zilizoiva kupita kiasi... na chini yake harufu nyingine, ya udongo uliofukuliwa karibuni.

Nduwimana alimimina mvinyo kwenye kikombe, akamnyooshea. Spesioza akasita. Muuzaji huonja kwanza, mnunuzi hufuata. Ndivyo mtu anavyojua kwamba hanyweshwi sumu, na mtoto mdogo wa Ulyankulu analijua hilo.

"Hujaonja, mama."

"Huu sinywi mimi," bibi alisema. "Onja wewe. Ni wako."

Spesioza hakupokea. Kwa sababu wakati huohuo, kutoka kwenye kibanda cha mabua nyuma ya nyumba, alisikia miguu.

Mtu alikuwa anakamua.

Chapa... ta. Chapa... ta.

Mguu mmoja mzito, mmoja mwepesi. Mguu mmoja unakanyaga, mwingine unaburuta kidogo kabla ya kutua.

Chapa... ta.

Spesioza aliijua miguu hiyo. Alikuwa amezisikia hatua hizo sebuleni kwake kwa miaka yote tangu mtoto yule aanguke mtini. Alizisikia akiwa jikoni, akiwa kitandani, akiwa amekasirika. Hakuna mama anayehitaji kuambiwa.

Akaenda. Nduwimana hakumzuia.

Mabua ya kibanda yalikuwa yameachana, akatia jicho. Ndani giza lilikuwa limetangulia kuingia. Aliona hori refu la mti, limejaa ndizi na nyasi. Aliona miguu ndani yake, imelowa mpaka magotini, wa kushoto umepinda. Kuanzia kiunoni kwenda juu kulikuwa na gunia. Mikono ilining'inia tu. Na kando ya hori, mdomo wazi, wima, lilikaa dumu la njano ambalo mkono wake umezungushiwa mpira wa baiskeli.

"Leo," alinong'ona.

Chapa... ta.

"Leo, baba... ni mimi."

Gunia liligeuka. Taratibu. Likabaki limemwelekea pale alipo, bila uso, bila sauti. Miguu haikusimama. Ilikuwa imechubuka, na maji yaliyokuwa yakitiririka kwenye hori kuingia kwenye chombo hayakuwa ya ndizi peke yake.

Spesioza aliziba mdomo kwa kiganja. Utamu ule wote. Vikombe vile vya kila usiku. Alitapika palepale, kwenye mabua.

Alipogeuka, Nduwimana alikuwa amesimama nyuma yake, karibu.

"Umemchukua mwanangu! Mchawi wee, umenifanyia mtoto msukule!"

"Usipige kelele, atachoka," bibi alisema kwa upole. "Mimi sikumwita. Chombo cha marehemu kikisimama wima, mdomo wazi, mwenyewe hukifuata. Mimi nilikuwa hapa kwangu, nimekaa. Nani alinipakilia chombo?"

Ni Spesioza mwenyewe aliyekipakia. Hilo ndilo lililomuuma kuliko uchawi wenyewe. Angependa sana awe ameibiwa.

"Nipe," alisema. "Nipe dumu lake nikalipindue. Nitaanua tanga Jumamosi hii. Nakuomba, mama. Nakupigia magoti."

"Chukua. Dumu kwa dumu."

Spesioza alikimbilia kwenye mzigo wake, akafungua kamba, akamvutia la kwanza. Nduwimana alilinusa, akalisukuma kwa mguu. La pili hivyohivyo.

"Hayo ni ya watu wote. Nipe lenye mwenyewe."

Katika mzigo ule yalikuwamo mawili tu yenye wenyewe. Moja lilikuwa lake, dogo kidogo, alilokuwa akionjea tangu alipoanza biashara. Lingine, la kizibo chekundu, la Vestina, aliyekuwa akichotea wateja mvinyo na kujimiminia wake mwishoni. Mkono wa Spesioza ulitua juu ya la Vestina kwanza.

Ukakaa pale.

Tuseme ukweli wake, maana yeye mwenyewe aliukiri baadaye akiwa amepiga magoti kanisani. Hakuutoa mkono upesi. Alimwaza Vestina, mzima, mnene, mwenye mchumba na kicheko, aliyeacha kumlilia kaka yake mapema mno. Aliwaza kwamba mtoto huyu amebaki na yule ameondoka, na kwa nini haikuwa kinyume chake. Chuki ile ilimpanda kooni chungu kabisa. Na kule kibandani... chapa... ta.

Nduwimana alikuwa anatabasamu.

Tabasamu lile ndilo lililomzindua. Aliutoa mkono kama amegusa kaa la moto, akanyakua dumu lake mwenyewe, akalitupa miguuni pa bibi.

"Haya. Hilo ni langu. Mwachie mwanangu."

"Onja kwanza," alisema Nduwimana.

Akamimina ule mvinyo wa kikombe ndani ya dumu la Spesioza, akamwekea mdomoni. Spesioza alifumba macho. Ulikuwa mtamu. Mungu amsamehe, ulikuwa bado mtamu.

Kibandani, miguu ilisimama.

 Hata vyura wa bondeni walinyamaza. Spesioza aliingia kibandani bila kutazama ndani ya hori, akalibamba dumu la Leo kwa ule mkono wa mpira wa baiskeli, akalimwaga, akatoka mbio. Nyuma yake hakuna aliyemfuata. Honi ya Bernardo ililia barabarani, naye akapanda mlima akilia kwa sauti, amelikumbatia dumu tupu kifuani, la Vestina mkononi, ameacha mzigo wote uliobaki wa harusi ya watu.

Alifanya kila kitu alichopaswa kufanya. Alilipindua dumu pembeni mwa kitanda cha Leodgar usiku uleule. Aliwaita ndugu kutoka Urambo, wakaja na manung'uniko yao, misa ikasomwa, watu wakanywa soda, tanga likaanuliwa. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi alilala fofofo bila kikombe.

Asubuhi Vestina ndiye aliyeona.

"Mama, miguu yako imekuwaje?"

Ilikuwa inanata. Nyayo zimekauka utomvu wa kahawia, na katikati ya vidole mlikuwa na nyasi ndefu laini ambazo hazioti popote Mtendeni. Spesioza alizichomoa moja moja. "Nilikwenda msalani nje," alisema. Kesho yake ilikuwa hivyohivyo. Na kesho kutwa. Aliamka amechoka, kiuno kinakatika, na harufu ya ndizi kwenye shuka. Vestina alifua, akaanza kulala mlangoni mwa chumba cha mama yake ili amzuie asitoke. Hakumwona akitoka hata mara moja. Miguu ililowa humohumo kitandani.

Spesioza akakonda. Walimpeleka hospitali Kitete, akapimwa, akaonekana hana ugonjwa. Hakunung'unika. Nilimpata, alikuwa akijiambia. Mimi nalipa, lakini yeye amepumzika. Hilo lilimshikilia. Alilitafuna kila asubuhi pamoja na uji, na lilikuwa chakula chake hasa.

Mpaka Bernardo alipopita siku moja kusalimia.

"Shikamoo, mama. Pole na kuumwa."

"Marahaba, Bernardo. Za barabarani?"

"Barabarani salama. Ila umekosa, mama. Yule bibi wa bondeni sasa ana mvinyo mpaka anaumwaga. Juzi usiku nilizima gari pale juu ninywe maji, nikasikia wanakamua. Ni wawili siku hizi."

Vestina, aliyekuwa anamimina chai, alisimamisha birika.

"Wawili?" Spesioza aliuliza.

"Wawili. Mmoja ni yuleyule wa zamani, namjua kwa mwendo, anakanyaga na kuburuta. Wa pili ni mwepesi, nadhani mwanamke. Anamfuatia nyuma."

Kumbe Leodgar hakuachiwa, Spesioza alielewa. Aliitazama miguu yake, halafu akamtazama dereva.

"Wanakwenda pamoja?"

"Pamoja kabisa, mama. Yule wa pili anamsubiri mwenzake. Haanzi mpaka mwenzake aweke mguu."

Jua lilikuwa bado juu ya mapaa ya Mtendeni, watoto wanatoka shule. Vestina alimshika mama yake bega kwa nguvu, kwa sababu alikuwa ameanza kuinuka.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Chumbani," alisema Spesioza. "Leo nataka kulala mapema."