Masuke Tisa Katika Shamba la Profesa Tan

Profesa Tan Guolin alikutwa saa mbili asubuhi, kifudifudi kwenye tope la shamba lake la majaribio huko Lingshui, shingo imekatwa mara tatu kwa mundu. Pigo moja lilifika mfupani. Maji yalikuwa mekundu hadi kwenye tuta la jirani.

Jirani mwenyewe, Mzee Ji, alikuwa ameshapasuliwa mdomo. Wanafunzi wa profesa walimwona na madoa mekundu kwenye fulana, wakakumbuka ugomvi wake wa juzi na profesa juu ya maji, wakamvamia kwa mateke na mpini wa jembe. Inspekta Fu Yanqiong alipowatawanya, mzee hakuwa na jino la mbele.

"Ni mate ya tambuu hayo, mama," alisema, akitema damu. "Miaka hamsini natafuna. Leo ndiyo imegeuka mauaji?"

Fu aliinusa fulana. Ilikuwa tambuu kweli. Lakini Sajini Dong alishamtia mzee pingu, na wanafunzi hawakutaka kusikia la mtu.

Akakunja suruali, akaingia shambani. Alizaliwa kwenye mpunga, tope halikumtisha. Kando ya maiti, masuke tisa yalikuwa yamefunikwa kwa bahasha za karatasi, kila moja na kibanio chake. Majani yote ya pale yalirukiwa na damu. Bahasha zilikuwa safi.

Alifungua moja, akachungulia. Suke lilikuwa limekatwa ncha za maganda kwa mkasi, tayari kwa kuchavushwa kwa mkono, nalo lilikuwa na damu iliyoganda.

Kwa hiyo mtu alimchinja profesa, kisha akatulia, akayafunika masuke moja baada ya jingine yasiingiwe na chavua ya mpunga mwingine. Mzee Ji asingejali; masuke hayo angewalisha bata wake.

Akauliza nani alikuwa analea mbegu ile. Wakamtajia Pu Shaowen, msaidizi wa profesa, aliyeokota mche wa kwanza wa mbegu hiyo mwituni miaka kumi na moja iliyopita. Shaowen akaja, nywele mbichi kwa maji. Alisema alikuwa bwenini anakunywa uji.

"Kuanzia saa ngapi?"

"Kumi na mbili. Mpaka walipopiga kelele."

"Uji wa saa mbili nzima? Ulikuwa wa moto kiasi gani?"

Fu alitazama saa yake: nne kasoro dakika tano. Jua likikolea, shamba zima lingefungua maua na chavua ingeanza kuruka.

"Dong, umeshapiga picha? Basi toa bahasha zote."

Ya kwanza ikatoka. Ya pili. Upepo ulipopita juu ya mpunga wa jirani, Shaowen alimrukia Dong, akamtandika ngumi ya koo na kuangukia masuke, akiyakinga kwa kifua. Ilibidi askari watatu wamng'oe, na mmoja aling'atwa mkono hadi nyama ikaonekana.

"Yafunike kwanza," alisema, uso umejaa tope. "Nitasema yote."

Akasema. Profesa alikuja na mundu alfajiri. Alisema mbegu imefeli misimu miwili, ifyekwe leo, kiwanja kinahitajika. Shaowen alimwomba msimu mmoja tu.

"Akakata mashina mawili mbele yangu, hata hakunitazama. Nikamnyang'anya mundu."

"Mapigo matatu, Shaowen."

"La kwanza lilikuwa la hasira. Mawili yaliyofuata, kwa sababu alikuwa bado ameushika mpunga wangu."

Mzee Ji alifunguliwa pingu. Aliwatazama wanafunzi mmoja mmoja, na hakuna aliyemtazama usoni.

"Inspekta, siku ishirini na tano tu," alisema Shaowen. "Yachavushwe leo, mbegu zikomae. Kisha mninyonge."

Fu alimwonea huruma, na huruma hiyo ilimuudhi. Kila suke lilikuwa na damu ya Tan Guolin. Akamwomba Dong mkasi.

Shaowen aliusikia ukikata mara tisa. Masuke yakaingia kwenye mfuko wa ushahidi, yakiwa bado mabichi.