Nafasi ya Kambale

Jua lilipojificha nyuma ya milima, Jokébed alichukua ndoo akaenda jikoni kuomba maji ya moto. Shalom alikuwa amecheza ufukweni tangu asubuhi, mchanga umemwingia mpaka masikioni, na hakuna mama wa Butembo atakayemlaza mtoto katika hali hiyo, hata awe amelipia kitanda cha watalii.

Mpe mfanyabiashara wa Butembo siku ya kupumzika, ataitafutia mnunuzi. Ananie, mume wa Jokébed, muuza mabati na misumari, hakuwahi kulala nje ya mji wake kwa starehe. Lakini mwaka huu barabara ilikuwa imetulia kidogo, na Shalom, kitinda mimba wao, alikuwa ameimba kiboko, kiboko, mpaka baba yake akasalimu amri. Ndipo wakashuka kutoka kwenye baridi ya milimani mpaka kambi ya wageni ndani ya mbuga, kando ya Ziwa Edouard. Vibanda vya nyasi, vitanda vyenye vyandarua, mtumbwi wa injini, jaketi za manjano za kuelea. Viboko waliwaona, tena kwa wingi. Ananie akapigwa picha nao akiwa amevaa sweta.

Shida ya viboko ni kwamba giza likiingia hutoka majini kuja kula majani katikati ya vibanda. Mkuu wa kambi, Tshibangu, mtu wa Kasai aliyeletwa huku na kazi ya serikali, alikuwa amewaonya tangu walipofika.

"Saa giza inaingia, kila mutu mu nyumba yake. Kiboko hapana mubaya. Lakini hapendi mutu akate njia yake ya ku maji."

Kwa hiyo Jokébed alikwenda kwa haraka.

Jikoni palikuwa na taa moja ya sola, imefifia. Mwanamke mzee alikuwa amechuchumaa mbele ya beseni akiosha sahani, kitenge amejifunika mpaka kichwani. Sahani zilipita mikononi mwake moja baada ya nyingine, akazipanga moja juu ya nyingine... na hazikutoa mlio wowote. Jokébed alilisikia jambo hilo kwanza mgongoni, kabla ya kulielewa.

"Wasibire, mama," alisalimia kwa Kinande.

"Wasibire." Sauti ilikuwa ya upole. "Chota, maji iko ku moto. Ule mutoto alikuwa mu mutumbwi, ni wako?"

"Ni wangu. Shalom."

"Shalom ni jina ya kanisa. Ya nyumbani?"

"Kasereka."

Hapo pana jambo la kujua. Kwa Wanande jina la nyumbani ni hesabu. Mvulana wa kwanza ni Paluku au Mumbere, wa pili ni Kambale, wa tatu ni Kasereka. Ukimtaja Kasereka umekwisha kuwataja waliomtangulia, na huna pa kuwaficha.

"Na mukubwa wao, Paluku?" mzee aliuliza.

"Josaphat alibakia Butembo, kwa koko yake, mama ya baba. Iko na masomo."

"Na Kambale?"

Mkono wa Jokébed uliganda juu ya sufuria. Kwa miaka hakuna aliyemuuliza swali hilo. Waliojua walinyamaza kwa huruma, na wasiojua walihesabu wenyewe, wakaelewa, wakanyamaza pia. Neno la kujibu lilikuwa moja tu, fupi, na kila mama aliyefiwa analijua. Lakini halikutoka. Mdomo ukashika lile lililokuwa karibu.

"Naye... alibakia."

"Alibakia," mzee alirudia, kama mtu anayeonja chumvi ya mchuzi. Akatabasamu ndani ya kitenge. "Bon. Mutu mwenye alibakia, siku moja anafika."

Jokébed alichota maji akatoka bila kushukuru.

Mwenye kovu usidhani kapoa. Kambale alifariki usiku walipokimbia kutoka Kalunguta, milio ya risasi nyuma yao, Paluku akiburutwa mkono na baba yake, na yeye Kambale mgongoni kwa mama, anawaka homa. Jokébed alikuwa amemfunga majani ya mkaratusi kifuani ili apumue. Alitembea naye. Alimwimbia. Kulipopambazuka akamshusha ili anywe maji, akakuta amekwisha kuwa baridi zamani. Hakujua ni wapi njiani alikuwa ameacha kumbeba mtoto akaanza kubeba maiti. Wakamzika kando ya njia, bila sanda, bila wimbo. Jokébed alipofungua mdomo kulia, Ananie aliuziba kwa kiganja chake chenye udongo. "Usilie. Batatusikia." Tangu siku ile Ananie hakulitaja jina la mtoto huyo tena, na hakuna mtu aliyemwona akicheka kwa moyo. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini wazazi hawa wawili kila mmoja aliujua peke yake.

Alipofika kibandani alimkuta Ananie amesimama mlangoni, tochi mkononi.

"Ninaenda ku bureau ya Tshibangu kuchukua simu pale ku chaji, itakuwa imejaa moto. Narudia sasa hivi."

"Viboko, baba Josaphat."

"Bado mapema."

Akaenda. Jokébed alimwogesha Shalom, akamvika nguo za kulalia. Nje kiboko alikoroma, kisha mwingine, karibu zaidi. Kwa mbali alimsikia Tshibangu akipaza sauti kwamba mtu asitembee, wanyama wako njiani. Ananie alikuwa amekwama huko. Si kitu, alijiambia. Akafunga komeo.

Chakula kilikuwa tayari mezani. Hakumwona aliyekileta. Samaki wa kukaanga, bugali, sombe ya majani ya muhogo. Sahani ya baba, sahani ya mama, sahani ya mtoto... na sahani nyingine ndogo, kando ya ile ya Shalom.

"Hii ni ya nani, mama?"

"Balikosea. Kula."

Shalom alikula. Katikati ya kula alikata kipande cha samaki, akakitoa miiba vizuri, akakiweka kwenye sahani ile ya jirani bila kuambiwa na mtu. Jokébed alitaka kumkataza. Ndipo harufu ikamfikia.

Mkaratusi.

Kule juu Butembo mikaratusi iko kila kilima. Huku bondeni kuna nyasi na miiba tu. Harufu ilipenya chini ya mlango, mbichi, kali, pamoja na jasho la mtoto mwenye homa. Jokébed aliijua harufu ile, maana alilala nayo mgongoni miaka yote hiyo.

Hatua... Ndogo. Za miguu mitupu, yenye maji. Zilizunguka kibanda polepole, zikasimama mlangoni.

"Mama."

Sauti ilikuwa ya mnong'ono.

"Mama Kambale."

Hakuna aliyewahi kumwita hivyo. Alikuwa Mama Josaphat kwa wote, kwa heshima ya mzaliwa wake wa kwanza. Moyo wa Jokébed uliruka, na aibu kubwa ni kwamba uliruka kwa furaha. Aliitika kabla hajafikiri.

"Eee, mwanangu."

"Mulitembea mbio sana, mama."

Jokébed alijishika kinywa. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka shingoni.

"Nilikuwa ninawaita. Mulikuwa mbele. Fungula, nasikia baridi."

Mkono wake ulikuwa juu ya komeo. Hakukumbuka kuuweka pale. Nyuma yake Shalom alishuka kitini, akavua fulana yake ya kulalia, akaikunja taratibu na kuiweka juu ya kitanda chake kidogo, kama mgeni anayejiandaa kuondoka asubuhi.

"Shalom! Unafanya nini?"

"Ni yaya, kaka mukubwa, mama," mtoto alisema. Midomo yake ilikuwa imeanza kuwa ya rangi ya majivu. "Anasema nilikaa sana ku nafasi yake. Anasema nimupishe."

"Umupishe kwenda wapi?"

Shalom alinyoosha kidole kuelekea ziwani.

Hapo Jokébed alielewa alichokifanya jikoni aliposema alibakia. Mlango huu ulifunguliwa kwa neno lake, na komeo lilikuwa mapambo tu. Alimkamata Shalom, akambana kifuani. Mtoto alikuwa baridi. Alikuwa na baridi ile ile ya njia ya Kalunguta.

"Kambale," alisema kwa mlango.

"Mama."

"Kambale, mwanangu. Ulikufa."

Nje hata viboko walinyamaza.

"Hapana," sauti ilinong'ona.

"Ulikufa ku mugongo yangu. Sikujua. Nilikuimbia na ulikuwa umekwisha kufa. Tukakuzika, mie na baba yako, kwa mikono yetu. Haukubakia, Kambale. Ulikufa."

"Unanifukuza?"

Mama gani ajibu swali kama hilo? Jokébed alipiga magoti, amemkumbatia aliye hai, uso ameuegemeza kwenye ubao wa mlango. Kutoka upande wa pili ubao nao uliegemewa. Alisikia pumzi.

"Nakupenda," alisema. "Rudia. Usiku mwema, papa, mwanangu. Rudia ulale."

Pumzi ikakatika. Kisha kilio... Cha mtoto mdogo, cha kukata tamaa, kikiondoka hatua kwa hatua, kikishuka njia ya majini. Ngozi ya Shalom ikaanza kupata joto. Alipiga chafya, akauliza kwa nini amevuliwa fulana. Jokébed alicheka na kulia kwa pamoja. Alikuwa ameshinda, na ushindi ule ulikuwa mchungu kama shubiri.

Ndipo akasikia sauti nyingine, huko gizani, kwenye njia itokayo ofisini. Sauti ya mwanamume, inatetemeka.

"Nani analia? ... Kambale? Kambale, ni weye?"

"Ananie, hapana!" Jokébed alipiga kelele. "Ananie, usimwitike!"

"Kuya, papa. Kuya kwa baba. Panda ku mugongo."

Kilio kikakoma.

Jokébed alivuta komeo kumkimbilia, lakini Ananie alikuwa tayari anaingia, ameinama, mikono yote miwili ameifunga nyuma, kama mtu aliyebeba. Hakukuwa na kitu mgongoni. Lakini sweta lilikuwa limelowa, kuanzia mabegani mpaka kiunoni, na maji yalidondoka sakafuni. Alikwenda mpaka kwenye kitanda kidogo, akachuchumaa, akakigeuzia mgongo, akasubiri kidogo, kisha akasimama wima. Uso wake ulikuwa unang'aa. Jokébed hakuwa ameuona uso ule tangu Kalunguta.

"Analala," alimwambia mkewe kwa mnong'ono. "Usimwamushe."

Asubuhi Jokébed alimtafuta mzee wa jikoni. Hakuwapo. Tshibangu alikuna kidevu.

"Ile mama? Hapana mutumishi wetu. Anatokaka ku kijiji ya bavuvi, anaosha sahani, hatumulipake kitu. Banasema batoto yake yote ilibaki mu ziwa. Baaskari banasema ni ndoki, muchawi. Mie sijue. Siku moja aliniuliza jina, nikamwambia Tshibangu. Akacheka. Eti jina yako hayina hesabu. Akaniacha." Alimtazama Jokébed. "Weye alikuuliza?"

Jokébed alisema gari linamngojea.

Sasa wako Butembo, na ukipita mbele ya duka la Ananie utamsikia akiimba nyimbo za kanisani. Wateja wanafurahi. Anawapunguzia bei, jambo ambalo mjini humo ni muujiza tosha. Jioni anarudi mapema na biskuti mbili, akimpa Shalom moja. Nyingine anaiacha juu ya kitanda, na asubuhi haipo. Josaphat anadhani ni panya.

Shalom amekonda. Analala ukingoni kabisa mwa kitanda, na mara nyingi mama yake humkuta sakafuni. Wamempima malaria, wamempima minyoo, wachungaji wamemwekea mikono. Jokébed hana haja ya vipimo. Dawa anaijua, na haipo kinywani mwake tena, kwa maana aliyemwita safari hii si yeye.

"Sema neno moja tu," alimsihi mumewe, amepiga magoti mbele yake kama alivyopiga mbele ya ule mlango. "Mwambie alikufa. Ananie, tutamukosa Shalom. Sema."

Ananie alimtazama kwa huruma, mtu mwenye amani.

"Weye ulimufukuza," alisema. "Mie hapana."

Basi kilichobaki kwa Jokébed ni kuita. Kila jioni, chakula kikiiva, anasimama mlangoni pa jiko na kumwita mwanawe kwa jina la nyumbani, kwa sauti, ili mahali pake pasisahaulike. Mwanzoni Shalom aliitika mara moja. Siku zilivyokwenda ikabidi amwite tena, na tena, mpaka ile sauti nyembamba itoke uani.

Jana aliita Kasereka mpaka majirani wakaacha kutwanga ili wasikilize. Hatimaye mtoto akaitika, kwa furaha, kutoka karibu kabisa na sketi yake.

"Mama!"

Haikuwa sauti ya Shalom.